Baba alisema kichwa chake kisifunguliwe

BARUA

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, naishi Ujiji na nauza mawese soko la Mwanga. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sipati nafasi, na hata nikiipata naishia kulia.

Baba yangu ana miaka 71. Alikuwa mvuvi tangu ujana wake, na goti lilipomkatalia kazi ya ziwani akageukia kushona nyavu za watu hapa barazani kwetu. Kiasi cha wiki saba zilizopita aliinama kuingia jiko la nje, ambalo mlango wake ni mfupi, akainuka mapema na kugonga kichwa kwenye boriti. Damu haikutoka, ni nundu tu, nikamkanda kwa maji ya moto. Watoto walicheka, nami nikacheka. Yeye mwenyewe akasema boriti ilikuwa inamdai siku nyingi. Tukasahau.

Wiki ya nne akaanza kulalamika kichwa kila asubuhi. Kisha ukaja usingizi. Halafu siku moja nikamkuta na sindano ya nyavu mkononi, amefunga fundo juu ya fundo mahali pale pale mpaka pamekuwa donge. Mtu aliyeshona nyavu tangu sijazaliwa! Tasbihi inamdondoka mkono wa kushoto na hana habari. Mguu wa kushoto unaburuza kandambili. Usiku akienda msalani naisikia sakafuni hadi mlangoni. Jioni nyingine ananiita kwa jina la marehemu mama.

Tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya CT. Daktari akasema kuna damu ya siku nyingi kati ya fuvu na ubongo, upande wa kulia, nayo imeusukuma ubongo. Akatuandikia rufaa ya Mwanza, fuvu litobolewe damu itoke, na akatuambia tusikae sana. Leo ni siku ya nne karatasi hiyo iko kwenye mkoba wangu.

Dada, shida yangu ni hii. Mwaka jana kijana wa mtaa wa pili alipata ajali ya bodaboda, akapasuliwa kichwa, akarudi kwenye sanduku. Msibani baba alisema mbele ya watu: "Mimi kichwa changu msije mkakifungua. Mungu ndiye aliyekifunga." Alhamisi iliyopita asubuhi, akili yake ikiwa imetulia, nilimgusia habari ya Mwanza. Akanitazama na kusema, "Nilishasema." Jioni hakujua ni siku gani.

Baba mdogo anasema hilo ni jini la ziwani, kwa sababu gani picha ionyeshe kulia na mguu mbovu uwe wa kushoto? Kwake hiyo ni dalili kwamba hata mashine imedanganywa. Anamjua mtaalamu ambaye yuko tayari kuja nyumbani. Kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam, ametuma nusu ya nauli, na kila siku anapiga simu kuuliza tunangoja nini. Shangazi anasema ni uzee tu, mzee aachwe apumzike. Mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha, kwa hiyo wote wananitazama mimi. Nikimpeleka nitakuwa nimevunja neno la baba yangu. Nisipompeleka, na ule mlango nilioucheka upo pale pale, kila siku napita chini yake.

Nimsikilize baba yupi, wa asubuhi au wa jioni?

Mwana wa Mshona Nyavu, Ujiji

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Nilimpigia mwandishi siku niliyoipata, kwa kuwa ndani yake kuna jambo linalohesabu siku, na tunaichapa kwa ruhusa yake. Haya yafuatayo ni yale tuliyozungumza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Nimekusikia hivi. Una baba mmoja na ndugu watatu wanaovutana juu yake, na katikati kuna neno alilolisema akiwa mzima. Unaogopa kulivunja. Unaogopa pia kwamba ukilishika utakuwa umemzika nalo. Na chini ya yote hayo, ingawa umelitaja kwa mstari mmoja tu, kuna kile kicheko cha jikoni.

Nianze hapo kwa kicheko, nikitoe njiani. Mimi nilikuwa muuguzi Tabora kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu, na damu ya namna hii nimeiona kwa wazee zaidi ya mara moja. Nusu ya familia hazikumbuki hata mzee aligonga wapi. Ni kishindo kidogo: kichwa kwenye kabati, kuteleza bafuni. Siku ile ungempeleka hospitali pengine wangemwangalia na kumrudisha nyumbani, kwa sababu huenda hapakuwa na la kuona. Hukukosea kucheka. Na yeye alicheka.

Sasa tuje kwenye kichwa chenyewe, maana nadhani ugomvi wa nyumbani kwenu kwa sehemu kubwa ni ugomvi juu ya kitu ambacho hakuna aliyewaonyesha.

Wewe ni muuza mawese, basi chukua kokwa la chikichi. Nje lilikuwa na nyama ya mafuta. Hiyo ni ngozi ya kichwa na nywele zake. Ukishaitoa unabaki na ganda gumu: hilo ni fuvu. Ligonge kwa jiwe, utakuta mise. Sasa itazame ile mise karibu. Ina kijingozi chembamba cha kahawia kilichoishika mwili mzima, hata kuchubua ni kazi. Binadamu naye ana vya namna hiyo, ila yeye ana tando tatu. Ule wa nje ni mgumu kama turubai, nao umelalia fuvu kwa ndani. Wa kati ni mwembamba wenye nyuzinyuzi, ndiyo maana wataalamu wameupa jina la buibui. Wa tatu ni laini kabisa, umeushika ubongo wenyewe na kuingia nao katika kila kunjo, kama kile kijingozi cha mise.

Mfano wangu unaishia hapo. Mise ni ngumu, ubongo ni laini kama parachichi lililoiva, na mise haielei kwenye maji. Ubongo unaelea. Kati ya utando wa buibui na ule laini kuna maji safi, yakichanganywa na yaliyomo katika vyumba vya ndani ya ubongo na kuzunguka uti wa mgongo hayazidi sana mililita 150, glasi ya chai isiyojaa. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.3 au 1.4, lakini ndani ya maji hayo unakuwa na uzito wa gramu 50 hivi. Baba yako atalielewa hili kuliko sisi sote: mtumbwi ulioburutwa mchangani na mtumbwi ulio majini ni mtumbwi ule ule, lakini majini unausogeza kwa kidole.

Mfano wa mtumbwi unatufikisha kwenye boriti. Toka juu ya ubongo kuna vijishipa vya damu vinavyovuka kwenda kumwaga damu kwenye mifereji ya ule utando mgumu. Ni kamba za mtumbwi zilizofungwa gatini. Mtu akizeeka ubongo wake unapungua kidogo. Ziwa limeshuka, mtumbwi umeshuka nalo, kamba zimekazika. Kishindo kidogo tu, kamba moja inakatika, na damu inaanza kuvuja polepole kati ya utando mgumu na ule wa buibui. Polepole mno, hata wiki tatu nne mzee hana dalili. Mwili nao unaizungushia damu hiyo kijiganda chake, na kijiganda hicho kina vishipa dhaifu vinavyovuja tena. Donge linakua. Ndiyo sababu kichwa kilianza kumuuma wiki ya nne badala ya siku ya kwanza. (Wewe hukuandika, nikakuuliza kwenye simu, ukasema anameza aspirini kila siku kwa ajili ya moyo. Dawa hiyo hupunguza kuganda kwa damu. Usiikatishe kwa uamuzi wako, ila hakikisha daktari wa hapo na wa huko mwendako wanalijua hilo, na walijue leo.)

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Lina mifupa 22, minane ya kuhifadhi ubongo na 14 ya uso, na karibu yote imeshikamana isipokuwa taya la chini. Kitu kikiongezeka ndani, kingine lazima kiminywe. Kwanza yanasukumwa yale maji, na baada ya hapo zamu ni ya ubongo. Upande wa kulia, juu ya sikio na kuelekea utosini, kuna ukanda unaoamuru mkono na mguu wa kushoto, kwa sababu nyaya za amri hupishana kule chini ubongo unapokutana na uti wa mgongo: za kulia zinakwenda kushoto, za kushoto kulia. Ndivyo tulivyo sote, wewe, mimi, na baba mdogo. Mwambie kwa adabu kwamba picha na mguu havigombani. Mashine ingeonyesha damu upande wa kushoto na mguu wa kushoto ukawa ndio mbovu, hapo ndipo daktari angekuna kichwa.

Na yule kijana wa bodaboda, Mungu amrehemu. Sikumwona, lakini ajali ya kasi mara nyingi huupasua na kuuvimbisha ubongo wenyewe, na damu inajaa kwa saa chache. Huyo anaingizwa chumba cha upasuaji akiwa tayari ukingoni. Kwa mzee mwenye damu ya wiki saba mambo ni mengine. Msiba ule ndio uliomfundisha baba yako neno "kufungua kichwa," na alilofundishwa halifanani na alilopendekezewa.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Umeniuliza umsikilize baba wa asubuhi au wa jioni. Mimi nakuuliza: baba wa asubuhi alikataa nini? Je, alikataa kutobolewa tundu dogo la ukubwa wa kifungo, utando wa nje ukapasuliwa kidogo, na damu iliyokaa nje ya ubongo ikatiririka? Au alikataa kile alichokiona kichwani mwake siku ya msiba: ubongo uko wazi na akili inatoka nje? Nilisimama mara moja kando ya meza wakati kazi hiyo ikifanyika. Kilichotoka kilikuwa cheusi na chepesi, kama oili inayomwagwa kutoka kwenye injini ya boti. Ubongo haukuguswa. Mgonjwa alikuwa macho, ameganzishwa ngozi tu, maana ubongo hauna maumivu yake wenyewe, na alikuwa akilalamika kwamba miguu yake inapata baridi. Wengine hulazwa usingizi kabisa. Hilo huamuliwa na daktari kwa hali ya mgonjwa.

Sikwambii kwamba ni kazi ya mchezo. Damu inaweza kurudi. Hutokea kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila kumi, na tundu likahitajika tena. Kuna hatari ya vijidudu kuingia, ya degedege, na kwa mtu wa miaka 71 mwenye moyo wa kuangaliwa, hatari ya moyo na mapafu pia. Wapo wanaofariki. Wapo wanaobaki na ulegevu. Na wapo, tena wengi, ambao baada ya siku chache wanauliza nani amewaletea uji huu usio na sukari. Baba yako ataangukia wapi? Hilo muulize mtu atakayeishika ile picha mkononi, na muulize hivyo hivyo: "Kwa mzee huyu, mkifanya itakuwaje, na msipofanya itakuwaje?"

Kungoja nako ni njia, na haki yake niitaje. Damu ikiwa kidogo na mgonjwa hana ulegevu, madaktari wenyewe wakati mwingine hungoja na kurudia picha. Ila wewe umeniandikia mguu unaoburuza, jioni zilizopotea, na ubongo uliosukumwa. Fuvu lina mlango mmoja mkubwa, uko chini, uti wa mgongo unakopita. Ubongo ukizidi kusukumwa huelekea huko, na hapo ndipo penye mitambo ya kupumua. Kwa hiyo nimekwambia kwenye simu na narudia kwa ajili ya wengine wenye wazee: akianza kutapika, akiwa mgumu kuamka, akipata degedege, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, suala la kikao limekwisha. Ni hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku wa manane.

Shangazi anasema ni uzee. Namheshimu, maana anamwonea huruma kaka yake. Lakini uzee hauji kwa wiki tatu ukachagua mguu mmoja. Na hapa kuna dhana nyingine ambayo nadhani hata wewe umeimeza bila kujua: kwamba baba yako wa zamani ameshaondoka. Akili iliyominywa si lazima iwe imekufa. Fundo juu ya fundo kwenye wavu lilinishtua kuliko yote uliyoandika, na pia ndilo lililonipa tumaini, kwa sababu mkono bado unakumbuka kazi, ni kwamba tu haujui umefika wapi.

Baba mdogo usimfanye adui. Ni ndugu wa damu, anamwona kaka yake anazama na ameshika kamba anayoijua. Mpe nafasi yake: dua isomwe, kisomo kifanyike, hata safarini. Ninachokiogopa kwa huyo mtaalamu ni vitu vitatu: chale kichwani kwa mtu anayemeza aspirini, nyungu itakayomlegeza mzee aliyelegea, na siku. Jini kama lipo halitakasirika damu ikitolewa. Na ukitaka neno la kumpoza, mwambie kwamba kutoboa fuvu hakukuletwa na Wazungu. Waganga wa Kisii kule Kenya walikuwa wakifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, wakakwangua mfupa kwa vyuma vyao, na wagonjwa wakaishi. Sisemi ampeleke huko!

Kuhusu fedha umeniandikia kidogo, nami sitaki kubahatisha. Nusu ya nauli ni nusu ya nauli. Kabla hujauza shamba au mashine ya mtu, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iliyokuandikia rufaa. Sera ya afya ya nchi yetu inawataja wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kuwa watu wa kutibiwa bila malipo. Huduma zote hazitapatikana kirahisi, mimi nayajua mabenchi hayo, lakini barua ya mtendaji wa mtaa na subira ya asubuhi moja zimewasaidia wengi. Uliza pia kuhusu usafiri. Njia ya Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi ni ndefu kwa kichwa kama hicho, na daktari ndiye wa kusema aende kwa gari gani na akiwa na nani.

Turudi kwa mzee. Sheria na desturi za tiba zinakubaliana kwamba mtu mwenye ufahamu ana haki ya kukataa, hata akikataa kitu kizuri. Hilo siwezi kukupunguzia. Akiwa hana ufahamu, ndugu na daktari ndio wanaosimama mahali pake, na hapo mtaulizwa angependa nini, si ninyi mnataka nini. Kwa hiyo dirisha lako ni asubuhi. Kesho, akishaswali alfajiri na kunywa chai, kabla usingizi haujamrudia, keti naye hapo barazani. Usije na kaka kwenye spika ya simu. Njoo na kokwa la chikichi na jiwe. Livunje mbele yake, mwonyeshe ganda, mwonyeshe kijingozi, mwonyeshe kwa ukucha damu iko wapi. Zungumza naye kwa Kiha kama hiyo ndiyo lugha anayogombea. Kama sheikh wa msikiti wake ni mtu wa busara, aitwe aketi pembeni, maana neno lake ni la Mungu aliyekifunga kichwa, na wewe huwezi kumjibu peke yako hapo. Mimi ningetamani kumkumbusha kwamba alizaliwa hakijafungwa, utosi wake ulikuwa unapwita kama wa kila mtoto, ukafunga wenyewe baadaye. Lakini usimshinde kwa hoja. Mzee aliyeshindwa kwa hoja hukubali kwa mdomo tu.

Kisha muulize, halafu unyamaze. Akisema "ndiyo," mwite baba mdogo asikie kwa masikio yake. Akisema "hapana" akiwa ameelewa damu iko wapi, hiyo ni hapana nyingine kabisa, nzito kuliko ile ya msibani, na itabidi muibebe pamoja; nitakuwa nawe katika hiyo pia. Akishindwa kufuata, macho yakateleza, akakuita kwa jina la mama, basi asubuhi nazo zimekwisha, na hilo nalo mpelekee daktari siku hiyo hiyo, pamoja na karatasi iliyo mkobani.

Chukua na kile kipande cha wavu chenye donge. Madaktari hupenda kuona vitu, na maelezo marefu ya ndugu huwachosha. Uniandikie alichosema, hata kama ni neno moja.

Dada yako, Mshauri